Kamba ya lori la nitro inakatika: stata ya umeme, sanduku la stata au drili?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina lori la rimoti la 1/8 lenye injini ya nitro ya .21, linawashwa kwa kamba. Ni jipya, limetumia matangi matatu tu. Kamba imeshakatika mara mbili. Nikitaka kuwasha, huziba tundu la ekzosti kwa kidole na kuvuta kamba kama mara kumi ili mafuta yapande, kisha nachomeka kiwasha plagi na kuvuta tena. Mara inakubali, mara inakaza kabisa kana kwamba imefungwa kufuli, na nikilazimisha kamba inabaki mkononi. Rafiki mmoja anasema ning'oe kamba ninunue sanduku la stata kama la wanaoshindana. Mwingine anasema stata ya umeme ya mkononi ndiyo dawa kwa sababu ina nguvu. Nyumbani nina drili ya betri, nafikiria kuitumia. Nichague ipi ili injini iwake bila vita?"

Ndugu yangu, kabla ya kuchagua stata, rudi kwenye maneno yako mwenyewe: unavuta kamba mara kumi huku ekzosti imezibwa. Hapo ndipo kamba zako mbili zilipoishia. Ukifunga stata yenye nguvu zaidi kwenye injini iliyoandaliwa hivyo, kitakachofuata kuharibika ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na mhimili wa injini, na hasara ya konrodi na ya kamba haziwekwi kapu moja.

Tuanze na kazi ya stata yenyewe, maana marafiki zako wote wawili wameteleza hapo. Stata haiwashi injini, inaizungusha tu. Kinachowasha ni plagi, na plagi ya nitro si kama ya gari la petroli: haitoi cheche. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa kama springi, wenye platinamu. Wakati wa kuwasha, kiwasha plagi huupasha waya huo kwa umeme wa volti 1.2 hadi 1.5 mpaka ung'ae rangi ya chungwa. Injini ikishashika unakiondoa, na waya unaendelea kuwa wa moto wenyewe, kwa joto la mwako na kwa sababu methanoli iliyomo kwenye mafuta humenyuka na kutoa joto inapoigusa platinamu. Kwa hiyo injini hii inadai vitu vinne: plagi inayong'aa, mafuta kiasi, hewa kiasi na mzunguko wa kasi ya kutosha. Stata inahusika na hicho cha mwisho peke yake. Plagi ikiwa imekufa, hata uizungushe kwa mota ya namna gani utapata kelele bila moto.

Sasa huko kukaza. Injini ya nitro hukaza kwa sababu mbili tofauti kabisa, na kwa mkono zinafanana.

Ya kwanza ni ya kiwandani. Silinda ya injini hizi si bomba lililonyooka. Imechongwa ikiwa nyembamba kidogo juu kuliko chini. Injini ikiwa baridi, pistoni inapofika juu kabisa inabanwa. Ikipata joto, silinda inatanuka zaidi ya pistoni na nafasi inakaa sawa. Injini yako ina matangi matatu tu, kwa hiyo bado inabana sana, na hiyo ni dalili ya uzima. Dawa yake ni joto: ipashe kichwa cha injini kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika kadhaa mpaka kiwe cha moto usioweza kukishika. Ikipata joto hilo, kamba huwa nyepesi ajabu.

Ya pili ni mafuta kujaa juu ya pistoni. Ukiziba ekzosti, presha yake hupita kwenye kile kibomba chembamba hadi kwenye tangi na kuyasukuma mafuta kuelekea kabureta. Hilo ni jambo zuri kwa mivuto miwili au mitatu. Ukifika kumi, mafuta yameshapita kabureta, yameingia chini ya pistoni na kupanda kwenye silinda. Injini ya .21 ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 3.5, na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Vijiko havihitajiki hapo, matone yanatosha kuijaza. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Pistoni inagonga kimiminika kama inayogonga ukuta, na lazima kitu kimoja kikubali yaishe: kamba, meno ya stata, au konrodi.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi na haihitaji chombo zaidi ya spana ya plagi. Zima rimoti na umeme wa gari, fungua plagi, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu la chuma lililo kwenye mhimili wa injini, kwa kidole au kwa bisibisi pana. Ikizunguka vizuri na kubana kidogo pale juu tu, injini ni nzima, na kilichokuwa kinaizuia ni mafuta. Ikibana sana juu lakini sehemu nyingine zote ni laini, ni ule mbano wa kiwandani, ipashe joto. Lakini ikiwa nzito mzunguko mzima, au unasikia mkwaruzo kama wa mchanga, au konrodi inacheza na kugonga, usiendelee kuvuta chochote. Hapo kuna kilichoumia ndani.

Ukikuta imejaa mafuta, plagi ikiwa bado nje ligeuze lori kichwa chini, weka kitambaa juu ya tundu la plagi, geuza uso pembeni na vuta kamba taratibu mara tano au sita. Mafuta yatafyatuka, na methanoli machoni si mzaha, kwa hiyo vaa miwani. Ile plagi uliyoitoa ichomeke kwenye kiwasha uitazame: waya wote ung'ae chungwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uking'aa nusu, au ukiwa na rangi nyekundu iliyofifia, ama plagi imechoka ama betri ya kiwasha imeisha. Chaji kiwasha kwanza ndipo uihukumu plagi. Na usiijaribu kwa betri ya volti 12 hata kwa sekunde moja; itakatika kabla hujaiona.

Kuanzia leo, ziba ekzosti, vuta polepole huku jicho lako liko kwenye mpira wa mafuta unaoingia kabureta. Mafuta yakigusa kabureta, toa kidole na ongeza mvuto mmoja basi. Kisha ndipo uchomeke kiwasha. Ukihisi ugumu wa ghafla, acha palepale. Kwa injini mpya kuna ujanja mwingine unaofanya kazi: legeza plagi kati ya robo na nusu ya mzunguko ili mgandamizo upungue, washa, na injini ikishashika ikaze mara moja.

Na kamba yenyewe ina adabu zake. Siku plagi iko nje, ivute taratibu mpaka uhisi mwisho wake, ujue unaishia wapi. Wakati wa kuwasha usifike hapo kamwe. Mivuto mifupi ya haraka ya sentimita 25 hadi 30 inatosha. Ivute ikiwa imenyooka na tundu lake, kwa sababu ukiivuta kwa pembe inasagika ukingoni na kukatika siku ambayo wala haikuwa na kosa. Usiachie mpini urudi wenyewe kwa kishindo, usindikize. Kamba ikitoka kirahisi huku flaiwili haizunguki, usiilaumu kamba: beringi ya ndani, ile inayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili, imejaa uchafu au imelika. Isafishe kwa spiriti, ikauke, weka tone moja la oili nyepesi. Ikiendelea kuteleza, badilisha pamoja na kijiti chake, ile ekseli fupi ya chuma inayopita ndani yake, maana beringi mpya juu ya kijiti kilicholika haidumu. Kamba isiyorudi ndani ni springi iliyokatika au kuchomoka, na kasha la springi hufunguliwa kwa miwani usoni.

Baada ya hayo yote, chaguo la stata linakuwa swali halali.

Kamba ina sifa moja ambayo watu huidharau: mkono wako unasikia. Mafuta yakijaa unajua kabla hujavunja kitu. Haihitaji betri, haiongezi uzito wa maana, na kifaa chake chote kikifa unakibadilisha kwa skrubu chache. Ubaya wake ni kwamba inachosha, na kasi yake inategemea mkono. Kwa mtu anayejifunza kutyuni kabureta, yaani kurekebisha kiasi cha mafuta na hewa, ambaye atawasha na kuzima mara ishirini kwa siku moja, ni mateso ya kweli.

Stata ya umeme ipo ya aina mbili, na ni muhimu usizichanganye. Kuna ile ambayo mota imefungwa kwenye lori lenyewe, nyuma ya injini, nawe unachomeka kifaa chenye betri na kubonyeza kitufe. EZ-Start ya Traxxas ni ya namna hiyo, na kitufe hichohicho huipasha plagi moto. Na kuna ile ambayo mota iko mkononi mwako, unaingiza kijiti chake kwenye tundu lililo kwenye kifuniko cha nyuma cha injini, kama Roto-Start ya HPI. Hii plagi unaipasha kwa kiwasha chako cha kawaida. Ya kwanza ni raha kwa lori lililoundwa nayo, lakini kuipachika kwenye lori jingine ni kazi ya kutafuta nafasi, nyaya na gia. Ya pili ni nyepesi kuhamia, ilimradi kuna kifuniko cha nyuma kinacholingana na injini yako. Hapo usikisie: matundu ya skrubu, kipenyo na urefu wa kijiti hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine, hata zote zikiitwa .21.

Udhaifu wa stata hizi ni ule ule rafiki yako anaouita nguvu. Mota haina mkono wa kusikia. Injini imejaa mafuta, mota inasukuma. Injini baridi imebana, mota inasukuma. Mwishowe meno ya gia yanalika au mota inaungua. Zungusha kwa sekunde tano hivi, pumzisha, rudia. Sauti ya mota ikishuka na kuwa mguno, achia kitufe na fungua plagi. Betri yake nayo iwe imejaa. Betri iliyochoka huzungusha polepole, injini haishiki, wewe unaendelea kubonyeza na mafuta yanaendelea kuingia, mpaka umeshaizamisha tena.

Drili yako si wazo baya hata kidogo, na kwa maoni yangu inadharauliwa bure. Lakini haiingii kwenye stata ya kamba. Unahitaji kifuniko cha nyuma kile kile cha stata ya kijiti, na kijiti chenyewe kikiwa na ncha ya kushikwa na drili. Ukishakuwa navyo, iwekee mwelekeo wa kukaza skrubu: ukiitazama injini kutoka nyuma, inazunguka kama mshale wa saa. Ukikosea mwelekeo, beringi itateleza tu na hakuna kitakachozunguka. Tumia gia ya kasi. Na sasa jambo ambalo stata nyingi za kununua hazina: drili ina ile pete ya namba inayopunguza nguvu ya kukaza. Anzia namba ndogo, panda moja moja mpaka izungushe injini yenye joto bila kuteleza, uishie hapo. Siku mafuta yakijaa, drili italia krrr na kuteleza yenyewe, konrodi itasalimika. Usiiweke kamwe kwenye alama ya kutobolea, maana hapo kinga hiyo haipo. Ingiza kijiti mpaka mwisho kabla ya kubonyeza, la sivyo pembe zake zitalika na kuwa duara, na mara injini ikishika kichomoe.

Sanduku la stata ni kitu kizuri mahali pake. Ndani mna mota inayoendesha gurudumu la mpira, gari linawekwa juu, unalibonyeza chini, gurudumu linaigusa flaiwili kupitia tundu la chesisi (fremu ya chini ya gari) na kuizungusha. Kwa kuwa injini haibebi tena stata wala beringi yake, ni nyepesi kidogo na ina sehemu chache za kuharibika, ndiyo maana wanaoshindana wanalipenda. Lakini pindua lori lako sasa hivi utazame chini ya flaiwili. Hakuna tundu? Basi mjadala umekwisha, usianze kukata chesisi. Lipo tundu? Bado angalia matairi: malori mengi ya magurudumu makubwa huikalisha chesisi juu sana, gurudumu la sanduku halifiki. Masanduku mengi hukaa vizuri na magari ya chini ya mashindano. Pia linataka betri yake, ama ya volti 12 ama mbili za volti 7.2 kwa mfululizo, na linabidi libebwe kila mahali. Ukilipata, hakikisha mwelekeo: gurudumu la sanduku huzunguka kinyume na flaiwili. Ukiitazama injini kutoka upande wa flaiwili, flaiwili huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo gurudumu lizunguke kisaa. Likienda vibaya, badilisha nyaya mbili za mota. Na kwa injini iliyojaa mafuta, sanduku lenye mota kubwa ndilo hatari kuliko zote hizi.

Ukiniuliza kwa lori lako: rudisha kamba mpya, tumia utaratibu wa joto na mivuto michache, malizia matangi ya kuizoesha injini kama kijitabu chake kinavyosema. Kama baada ya hapo bado mkono unalalamika, tafuta kifuniko cha nyuma cha kijiti kinachoingia kwenye injini yako na utumie hiyo drili uliyonayo. Sanduku lisubiri siku utakaponunua gari la mashindano.

Kubadilisha kifuniko cha nyuma kuna mahali pamoja pa kuharibu. Kijiti kilicho kwenye kifuniko hicho kina kikato kinachoingia kwenye pini ya krenkishafti, yaani ule mhimili wa injini. Usipovilinganisha na ukakaza skrubu hivyo hivyo, utabana konrodi au kupasua kifuniko. Kiweke kwa mkono, kizungushe kidogo kidogo mpaka kikae chenyewe bila kulazimishwa, ndipo ukaze skrubu kwa mkingamo, hii kisha inayoikabili. Kabla ya kuwasha, zungusha flaiwili mzunguko mzima kwa kidole. Gasketi au pete ya mpira iliyokuwa hapo irudi, na ikiwa imekatika weka mpya. Hewa ikipenya hapo, injini itapanda na kushuka mwendo yenyewe, itakataa kutulia na itapata joto kupita kiasi, nawe utahangaika na kabureta isiyo na kosa.

Lipeleke kwa fundi wa injini hizi, au kwa mtu mzoefu wa klabu ya magari ya rimoti, ukikuta moja kati ya haya: injini nzito mzunguko mzima hata plagi ikiwa nje, vumbi la chuma linalong'aa kwenye plagi au ndani ya kifuniko cha nyuma, waya wa plagi unaopondeka kila mara baada ya muda mfupi, au injini yenye joto ambayo haina mgandamizo kabisa. Mpelekee na plagi ya zamani pia, usiitupe, kwa sababu fundi anaisoma kama daktari anavyotazama ulimi.

Mambo ya usalama nayataja kwa haraka kwa kuwa si magumu: rimoti iwashwe kwanza ndipo gari, na ukizima, gari kwanza, magurudumu yawe hewani na vidole mbali na flaiwili, washa nje, si ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi. Moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo ukihisi joto pasipo mwali, amini ngozi yako. Mtu akiyanywa mafuta hayo, hata funda moja, ni hospitali moja kwa moja bila kusubiri dalili.

Mwisho wa siku ya kuendesha, choma mafuta yote yaliyobaki kwenye tangi, weka matone ya oili ya kuhifadhia kupitia tundu la plagi, zungusha mara chache, halafu iache pistoni ikiwa chini. Ikilala juu, silinda ikipoa inaikumbatia, na kesho yake utaikuta imefungwa kufuli hata kama hukuzidisha tone la mafuta. Kujua iko wapi bila kufungua kitu, weka alama ya rangi kwenye flaiwili pale inapotazama juu wakati pistoni iko chini kabisa. Kila jioni unaigeuza kwa bisibisi mpaka alama ikutazame.